Kasri la Lord Egerton na bustani zake: mambo ya kujua kabla ya kwenda

Mimi ni mzaliwa wa Kaloleni ya Kilifi na mkazi wa Kaloleni ya Nairobi. Nikiwaeleza jamaa nyumbani hivyo hudhani ninawatania, lakini ndivyo ilivyo. Kaloleni ya Nairobi iko Eastlands, kando ya Barabara ya Jogoo, si mbali na uwanja wa City Stadium. Nimekaa hapo miaka kumi na minane. Asubuhi nauza mahamri na mbaazi, jioni viazi karai. Majirani wananiita Mama Pwani.

Safari yetu ya Njoro ilizaliwa na ugomvi. Mbele ya nyumba zetu kuna kiwanja cha nyasi. Watoto huchezea mpira hapo, nguo huanikwa hapo, na anapofariki mtu ndipo hema la matanga husimamishwa. Mwaka jana baadhi yetu tulitaka kigawanywe: upande mmoja pa kuoshea magari, upande wa pili vibanda sita vya biashara. Sisemi "baadhi yao", nasema "baadhi yetu", kwa sababu nilishatoa shilingi elfu nane kushika kibanda kimoja. Mahamri yanauzwa mlangoni kwa mvua na jua, na mwenye kibanda hanyeshewi.

Mkutanoni mzee mmoja aliyezaliwa mtaani humo akasimama. "Wanangu," akasema, "nyinyi hamjaona bustani iliyotunzwa, ndiyo maana hii yenu mnaiona pori." Mwenyekiti akamjibu kwa adabu, "Basi mzee, utupeleke tukaione." Watu wakacheka, lakini neno likashika. Tukachanga, tukakodi matatu ya abiria kumi na wanne, na Jumamosi moja tukaenda kwenye kasri la Lord Egerton, Njoro, Kaunti ya Nakuru.

Naandika kwa ajili ya wasomaji wa Pwani wanaopanga kwenda huko, kwa kuwa wengi huuliza. Naandika pia kwa sababu nilirudi nimebadili mawazo, na ningependa kueleza kilichoyabadilisha.

Njiani: kanisa dogo la Waitaliano

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Kutoka Nairobi hadi Nakuru ni kama kilomita 160. Dereva wetu alipita njia ya chini, ile inayoshuka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Kwenye mteremko huo, ukingoni mwa barabara, kuna kanisa dogo mno, linaloingiza watu wachache tu. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakichonga barabara hiyo. Waingereza walikuwa wamewateka Ethiopia na Somalia katika Vita Vikuu vya Pili, wakawaleta Kenya na kuwafanyisha kazi.

Tulisimama dakika kumi. Mzee wetu akaligusa jiwe la ukutani, akasema, "Hawa ndio walioijenga nyumba yangu." Wengi wetu hatukumwelewa. Nitalirudia neno lake baadaye, kwa sababu lina uzito katika habari hii.

Kasri, si ngome

Tuanze na jina. Kwa Kiingereza jengo la Njoro huitwa kwa neno lile lile linalotumika kwa maboma ya vita ya Ulaya. Sisi wa Pwani tuna maneno mawili na tunajua tofauti yake. Ngome ni ya vita. Fort Jesus ya Mombasa ni ngome: Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na kuta zake zilikusudiwa kustahimili mizinga. Ilizingirwa kuanzia 1696 hadi Waomani walipoitwaa mwaka 1698. Kasri ni makao ya mtawala au tajiri, kama lile ambalo magofu yake tunayaona Gedi, lenye nyua za kupokelea wageni na kukatia mashauri.

Jengo la Egerton ni kasri. Halina mtaro wa maji, halina matundu ya mizinga, na hakuna aliyelipigania kwa risasi. Ukienda ukitarajia Fort Jesus utashangaa. Utakachokuta ni nyumba kubwa ya mawe, iliyosimama katikati ya nyasi na miti, kama ambayo imeng'olewa Uingereza ikapandwa katika nyanda za juu za Kenya. Na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyokuwa.

Mwenye kasri alikuwa nani

Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo tajiri wa Uingereza. Makao ya ukoo huo yalikuwa Tatton, katika jimbo la Cheshire. Alipenda magari, kamera na hasa ndege. Alifahamiana na Wilbur na Orville Wright, ndugu wa Marekani walioanzisha urukaji wa ndege yenye injini, naye alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kupata cheti cha urubani.

Alirithi ubwana akawa Baron Egerton wa Tatton wa nne. Akawa pia wa mwisho, kwa sababu hakuoa wala hakuacha mtoto. Alipofariki mwaka 1958 cheo hicho kilikoma, na makao ya Tatton yalikwenda kwa shirika la Uingereza linalohifadhi majumba na bustani za kale. Hadi leo watu hulipa kuingia Tatton kuona bustani zake, pamoja na ile ya mtindo wa Kiitaliano iliyobuniwa na Joseph Paxton, na ile ya Kijapani iliyotengenezwa zama za baba yake Maurice.

Nalitaja hilo kwa makusudi. Mtu aliyekulia kwenye bustani za namna hiyo alipofika Njoro hakuanza kujifunza nini maana ya bustani. Alikuja nayo kichwani.

Kilichomwezesha kuipanda ni ardhi, na habari ya ardhi hiyo haisomeki kwenye maua. Mwaka 1904 Wamaasai walitia saini mkataba na serikali ya kikoloni uliowaondoa katika Bonde la Ufa. Nyanda hizo za juu zikatengewa walowezi wa Kizungu, na Mwafrika akabaki humo kama kibarua au skwota, si kama mwenye shamba. Msomaji wa Pwani hahitaji kufafanuliwa neno skwota. Wengi wetu tumezaliwa kwenye ardhi ya mababu ambayo hati yake iko mkononi mwa mtu mwingine.

Upande wa pili wa mizani, Egerton alitoa ardhi na fedha kuanzisha shule ya kilimo hapo Njoro mwaka 1939. Mwanzoni ilikuwa ya kuwafunza vijana wa walowezi. Baadaye ikawa chuo cha kilimo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambako maelfu ya watoto wa Kenya wamesoma. Kasri lenyewe sasa liko chini ya chuo hicho, na lilitangazwa kuwa mnara wa taifa mwaka 1996.

Miaka kumi na sita ya kujenga, minne ya kukaa

Ujenzi ulianza mwaka 1938, ukasimamishwa na vita, ukamalizika 1954. Vifaa vingi viliagizwa ng'ambo. Hebu fikiria mawe na mbao vikishushwa Kilindini, vikapakiwa kwenye treni, vikapanda hadi Njoro. Pwani ilibeba mzigo wa kasri hili kabla ya bara kuliona.

Kuna hadithi utakayosimuliwa ukifika, na kila anayeisimulia huiongezea chumvi. Inasemekana Egerton alimpenda mwanamke wa Ulaya, akamleta kuona nyumba yake ya kwanza, nyumba ya kawaida ambayo ingalipo. Mwanamke akaidharau, akaifananisha na banda la kuku. Wengine husema kibanda cha mbwa. Egerton akaanza kujenga kasri ili kumridhisha. Lilipokamilika, mwanamke akakataa tena. Inasimuliwa kwamba tangu hapo bwana huyo hakutaka kumwona mwanamke kwenye ardhi yake, na kwamba aliyeingia bila idhini alijitafutia balaa.

Ichukue hadithi hiyo kama ngano ya mlangoni. Lililo hakika ni hesabu: mtu mmoja, kasri lenye vyumba zaidi ya 50, miaka kumi na sita ya ujenzi, na minne ya kuishi ndani.

Ndani ya kasri

Tulipewa kijana wa kutuongoza, nami nashauri usiingie bila mwongozaji. Vyumba vingi havina samani, na bila maelezo utatembea kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Akiwa nawe utaonyeshwa ngazi kubwa, kumbi zilizofunikwa mbao za mwaloni, meko za kuotea moto, ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba, ghala la mvinyo, na chumba cha giza ambamo mwenye nyumba alisafisha picha alizopiga.

Mama mmoja wa kundi letu, fundi cherehani, alihesabu vyumba kwa vidole hadi vikamwishia. Akamuuliza kijana, "Mwanangu, huyu mtu alikuwa akilala chumba kipi?" Kijana akamwonyesha. Mama akatazama, akasema, "Kumbe hata yeye alihitaji kimoja tu." Tulicheka, lakini kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kicheko. Wengi wetu tuliokuwa mle ndani tunalala watu watano, sita, chumba kimoja.

Nilichokipenda mimi ni madirisha. Karibu kila chumba kikubwa kinatazama nje kwenye kijani. Aliyeichora nyumba hakuchora kuta peke yake, alichora na kile ambacho mtu angekiona akisimama dirishani.

Bustani

Hapa ndipo safari yetu ilipopata maana yake.

Bustani rasmi ya mtindo wa Kizungu ina kanuni chache. Nyumba ndiyo kitovu. Njia hunyooshwa kutoka kwenye nyumba, nyasi hukatwa fupi na sawasawa, maua hupangwa kwenye vitalu vyenye kingo, na ua wa mimea hupunguzwa hadi ukawa kama ukuta. Miti mikubwa huwekwa mbali kidogo, ili iwe fremu ya picha. Ukisimama mahali pake unaona utaratibu. Usipoutunza miezi sita, unarudi kuwa kichaka.

Njoro huyaona hayo, ingawa si kwa unadhifu wa Tatton. Mbele ya kasri kuna nyasi pana. Kuna vitalu vya maua, kuna ngazi za mawe, na kuna miti mizee yenye vivuli ambavyo familia hutandika leso chini yake na kula. Kwa mtu wa Pwani ni ajabu nyingine: hewa ni baridi, mvua ni ya kutosha, na nyasi hubaki kijani wakati zetu za Kilifi zimeshageuka rangi ya makuti.

Siku hiyo kulikuwa na harusi. Bibi harusi alisimama kwenye ngazi, mpiga picha akimwelekeza ainue kidevu. Mahali ambapo inasemekana mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga, sasa wanawake ndio wanaopapendezesha, na harusi ni sehemu ya kipato cha mahali penyewe.

Nilimwona mtunza bustani akikata ukingo wa nyasi kwa mkasi mkubwa. Nikamsalimu, "Habari ya kazi, baba?" Akaitikia. Nikamuuliza nyasi hizi zinalindwa na nini. Nilitarajia aniambie mbolea, au maji. Akasema, "Mama, zinalindwa na kujulikana ni za nani. Mtu akiegesha gari hapa, kuna wa kumwondoa."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Sikuwa nimeona tofauti ya udongo kati ya Njoro na mtaani kwetu. Tofauti niliyoiona ilikuwa lango, cheo cha mnara wa taifa, na mtu anayelipwa kila mwezi kukata ukingo.

Miaka ile ile, Eastlands

Tulipokaa chini ya mti kula chapati na maharagwe, mzee akaeleza neno lake la kanisani.

Wakati kasri linajengwa, kulikuwa na ujenzi mwingine Nairobi. Katikati ya miaka ya 1940, serikali ya jiji la kikoloni ilijenga Kaloleni. Kabla ya hapo Mwafrika wa Nairobi alichukuliwa kama mpita njia: alipewa kitanda, si nyumba, kwa sababu ilidhaniwa mke na watoto wako kijijini. Kaloleni ilikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza iliyokusudiwa familia. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano walishiriki kuijenga, kuta za mawe na mapaa ya vigae vyekundu. Mzee hakuwa akitunga. Waliojenga kanisa la Mai Mahiu na waliojenga nyumba yake walikuwa kundi moja la mateka.

Na Kaloleni ilichorwa kama bustani. Mwingereza Ebenezer Howard alikuwa ametoa kitabu mwaka 1898 akitaka miji ijengwe ikiwa na hewa na kijani cha shamba, na mwaka 1903 mji wa kwanza wa aina hiyo, Letchworth, ukaanza kujengwa. Fikra hiyo ilifika Nairobi. Ndiyo sababu njia za Kaloleni zinapinda badala ya kunyooka kama reli, nyumba zimezunguka viwanja vya nyasi, na katikati umewekwa ukumbi wa jamii. Kiwanja nilichotaka kukijengea kibanda hakikuachwa wazi kwa kusahauliwa. Kilichorwa kiwe hivyo. Ni sehemu ya nyumba.

Ukumbi wenyewe una historia inayopita ya kumbi nyingi za dansi. Tarehe 23 Aprili 1950, katika mkutano uliofanyika Kaloleni, Makhan Singh, kiongozi wa wafanyakazi, alitoa hoja ya kutaka uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Wiki tatu baadaye yeye na Fred Kubai wakakamatwa, na Nairobi ikaingia kwenye mgomo mkubwa. Makhan Singh alikaa kizuizini hadi mwaka 1961. Viongozi waliokutana ukumbini humo miaka hiyo waliufanya uitwe kwa utani jina la Bunge la Uingereza.

Mitaa mingine ya Eastlands nayo inasomeka kama kitabu, hasa kwa mtu wa Pwani. Kariokor ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Shauri Moyo ilijengwa wakati kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Mbotela inabeba jina la Tom Mbotela, wa ukoo wa Freretown, Mombasa, aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa ni kumbukumbu ya diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka uliofuata.

Sasa pima. Kasri la mtu mmoja na mtaa wa mamia ya familia, vyote vilijengwa katika miaka ile ile. Vyote vilichorwa na watu walioamini kwamba nyumba bila kijani haijakamilika. Kimoja kina lango, mwongozaji na mtunza bustani. Kingine kina sisi.

Nyasi si mahali patupu

Hoja yangu ni hii. Tunapoita kiwanja "wazi" tunamaanisha kwamba hakina kitu, na kisicho na kitu huonekana kinangoja mwenyewe. Hivyo ndivyo viwanja vya Nairobi vinavyoliwa, na hivyo ndivyo fukwe na njia za kushukia baharini huko kwetu zilivyozibwa kimoja kimoja.

Wapo waliokataa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa ndani ya Uhuru Park, na halikujengwa. Mwaka 1991 Zarina Patel aliongoza kampeni ya kuokoa Jeevanjee Gardens, bustani ambayo babu yake, A.M. Jeevanjee, aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Bustani hiyo ipo hadi leo, na wafanyakazi wa mjini hulala kwenye nyasi zake saa ya mlo wa mchana.

Najua jibu la upande wa pili, kwa sababu lilikuwa jibu langu. Nyasi haziliki. Kijana asiye na kazi anaona pale pa kuoshea magari, na hakosei kuona njaa yake. Eastlands inahitaji nyumba mpya pia, na nyumba za miaka ya 1940 zimechoka. Sitaki kumwambia mtu akae kwenye paa linalovuja ili mimi nipate historia. Ninachosema ni kwamba kabla ya kukata kiwanja, tujue tunakata nini. Njoro walipata riziki kutokana na nyasi kwa kuziacha ziwe nyasi.

Ukitaka kwenda

Kutoka Mombasa, njia rahisi ni kufika Nairobi kwa treni au basi, ulale, kisha asubuhi uchukue matatu ya Nakuru. Kutoka mjini Nakuru hadi kasri ni takriban kilomita 14. Omba ushushwe Ngata, umalizie kwa bodaboda. Mkiwa wengi, kukodi gari ni nafuu na kunawapa uhuru wa muda.

Beba sweta hata kama Nakuru mjini kuna jua. Njoro iko juu, na mvua ya alasiri huja bila kubisha hodi. Vaa viatu vya kutembea, kwa sababu bustani inastahili muda mwingi kuliko vyumba. Usiende na haraka: tenga saa mbili au tatu.

Kiingilio hulipwa langoni, na inafaa uulize hapo hapo kuhusu ada ya kamera kubwa na ya sherehe. Ukitaka utulivu, nenda siku ya kazi. Ukitaka kuona mahali panavyoishi, nenda Jumamosi ukute harusi. Chakula chako waweza kubeba, ila ondoka na taka zako.

Ukipita Nairobi, tenga saa moja uje Kaloleni pia. Hakuna tiketi. Anza kwenye ukumbi, kisha fuata njia inayopinda. Uliza kwanza kabla ya kupiga picha, maana ni nyumba za watu.

Tuliporudi

Mkutano uliofuata ulikuwa mrefu. Vijana hawakuridhika kirahisi, na sikuwalaumu. Mwishoni tulikubaliana hivi: kiwanja kibaki kiwanja. Pa kuoshea magari pasogezwe ukingoni mwa barabara. Atakayetaka kuweka hema la harusi au sherehe kwenye nyasi achangie kitu kidogo, na fedha hizo zimlipe kijana mmoja wa mtaa kufyeka na kufagia. Matanga hayalipiwi. Vibanda havipo.

Nilirudishiwa shilingi elfu nne kati ya zile nane. Nyingine niliambiwa zilishatumika, na sikufuatilia. Mahamri bado nauza mlangoni.

Mvua za Aprili tulipanda ua wa kayaba kuzunguka kiwanja chote. Nusu umeshika, nusu mbuzi wamekula. Kuna mtu ambaye bado huingiza gari lake kwenye nyasi usiku na kuliondoa kabla ya alfajiri. Wiki iliyopita kijana wetu wa fyekeo, yule yule aliyekuwa mstari wa mbele kutaka pa kuoshea magari, alimngojea hadi saa tisa za usiku akamwamuru alitoe. Aliponisimulia asubuhi nilimfungia mahamri manne, nikakataa pesa yake.